Chai ya baridi kwenye jagi la kioo: shajara ya jikoni, Tudor

Jumamosi, 11 Januari 2025. Naanza

Kaskazi imeshika. Twakaa ghorofa ya juu kabisa hapa Tudor, Mombasa, na ikifika saa nane mchana ukiugusa ukuta wa jikoni utadhani ni ubavu wa sufuria. Mume wangu siku haimpiti bila chai, na mimi kusimama mbele ya jiko saa hiyo siwezi. Soda tumezichoka, kwa bei na kwa utamu wake. Basi nimejipa kazi. Ramadhani yaingia mwanzo wa Machi, na kabla haijafika nataka niwe najua kutengeneza jagi la chai ya kuroweka kwenye maji baridi, bila kuwasha moto: iwe safi kiasi cha kuona vidole upande wa pili wa kioo, isiwe na ukakasi, na isitupeleke mbio mfukoni. Naandika kila hatua na hasara zake, atakayetaka kuiga asianzie shimoni nilikoanzia mimi.

Vifaa: jagi la kioo la lita moja na nusu lenye kifuniko cha plastiki, shilingi 650, Mwembe Tayari. Pakiti ya majani ya kawaida, gramu 250, shilingi 140. Chujio la kila siku. Friji ni ya zamani, inanguruma lakini inapoza.

Nilimpigia bibi simu, yeye yuko Kibokoni. Alicheka mpaka akakohoa. "Chai ya baridi ni ya mgeni aliyesahauliwa," akasema. "Watu waipasha, nyinyi mwaipoza?"

Jumapili, 12 Januari. Jagi la kwanza, na jina la mkandaa

Maelekezo niliyoyafuata, ya watu wa ng'ambo, yalisema vijiko vinne vikubwa vya majani kwa kila lita, na kuiacha masaa 12. Nikatia sita kwa jagi langu, nikalala.

Asubuhi jagi lilikuwa jeusi. Si wekundu wa chai, weusi. Chini kumetuama tope la unga unene wa kidole. Nikachuja mara tatu na unga ule ukapita matundu ya chujio kama mchanga wa Nyali upitavyo vidoleni. Mume wangu akaonja, akanyamaza, akaenda kunywa maji. Nami nikaonja: ulimi ulikauka ukakunjamana, kama nimeuma ndizi mbichi na ganda lake.

Sisi wa pwani chai isiyo na maziwa twaiita mkandaa. Huo ni mti wa mikokoni, gome lake limejaa tanini, ile inayokausha ulimi, na zamani lilikuwa likisafirishwa kutoka pwani hii kwenda kutengenezea ngozi. Maisha yangu yote nilidhani jina hilo limechukuliwa kwa sababu ya rangi tu. Leo nimeonja sababu ya pili.

Hasara: kama gramu 40 za majani, yaani shilingi 22. Imemwagwa kwenye sinki.

Jumatano, 15 Januari. Kwa ami

Baada ya kazi nikampitia ami yangu Majengo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye ghala la chai Shimanzi, na mpaka leo hawezi kuona chai bila kuinusa. Nilikuwa nimebeba majani kidogo kwenye karatasi. Akayamimina kiganjani, akayapuliza polepole, na vumbi jembamba la kahawia likaruka mbele ya taa.

"Mwanangu, haya si majani," akasema. "Hizi ni punje. Na nusu yake ni vumbi. Zimetengenezewa sufuria na maziwa, wewe wazilaza kwenye friji usiku kucha wazitakia nini?"

Kisha akanifafanulia jambo ambalo lingeniokolea jagi zima. Chai nyingi ya Kenya hupitishwa kwenye mashine za CTC: jani hupondwa, huraruliwa na kukunjwa likatoka punje ndogo. Punje hizo hutengwa kwa ukubwa. BP1 ndiyo kubwa, ikifuatwa na PF1, halafu PD na D1 ambazo ni kama unga. Kadiri punje ilivyo ndogo ndivyo maji yanavyoifikia kote kwa haraka, na ndivyo inavyotoa rangi na ukali kwa kasi. Kwa chai ya maziwa hiyo ni sifa. Lakini wale wa ng'ambo walioandika masaa 12 walikuwa na majani mazima akilini, yanayofunguka polepole kama mkeka uliokunjwa.

Ami hakukosa na la kwake la pembeni. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na mpaka leo chai ya Kenya na ya majirani, Uganda na Rwanda zikiwemo, huuzwa hapa. "Chai yapita mlangoni kwetu kila wiki," akasema, "na wewe hujui wanunua daraja gani." Kweli sijui. Nimeigeuza pakiti pande zote, haijaandikwa.

Ushauri wake ulikuwa mfupi: chekecha kwanza. Nikirudi nyumbani nikatoa chekeche la unga, nikachekecha pakiti yote iliyobaki. Vumbi lililoshuka lilikuwa karibu robo. Hilo nimelitia mkebe wa chai ya maziwa ya asubuhi, halipotei. Punje zilizobaki juu ndizo za jagi.

Jumamosi, 18 Januari. Njia ya mkato, na mlio

Sina subira, na leo imenigharimu. Nilijiambia: kwa nini nisipike mkandaa mwepesi, dakika tano, kisha niupoze tu? Jagi nilikuwa nimelitia friji liwe tayari. Nikalitoa, likiwa na jasho ubavuni, nikaliweka juu ya meza ya jikoni, nikamimina chai ya moto.

Halikuvunjika papo hapo. Lilijaa mpaka nusu, ndipo nikasikia mlio mmoja mkavu, tak, kama mtu aliyevunja kijiti. Ufa ukazunguka chini kabisa mahali ubavu unapokutana na kitako, duara kamili. Nilipolishika mkono kulinyanyua, jagi likaja na kitako kikabaki mezani. Alhamdulillahi miguu ilikuwa mbali. Nilikesha nikiokota vipande chini ya friji.

Kioo cha kawaida hakipendi kushtuliwa. Upande wa ndani ulipata moto ukataka kutanuka, wa nje bado baridi, vikavutana. Naongeza Jumatatu: nilipokwenda kununua jingine, mwenye duka alinisifia moja kwa unene wake: "Hili mama halivunjiki, tazama kioo kilivyo." Kwa moto unene ni balaa zaidi, kwani joto huchelewa kufika upande wa pili. Kuna majagi ya kioo cha borosilikati yanayohimili moto, aliniwekea moja la shilingi 1,500. Nikachukua jembamba la 700 na nikaweka sharia: jagi hili halitaona kitu cha moto maishani mwake.

Kuna jambo moja zuri lililotoka kwenye msiba huu. Chai iliyobaki sufuriani, vikombe viwili hivi, niliitia friji kwenye chombo cha plastiki. Ilipoingia ilikuwa nyekundu, yapita mwanga. Kufika magharibi ilikuwa na ukungu, rangi ya mto Sabaki wakati wa masika. Nikadhani imeharibika. Nikaipasha kidogo, na mbele ya macho yangu ikasafika tena. Nikaipoza, ukungu ukarudi. Nimekuja kuelewa kwamba maji ya moto hutoa kafeini na polifenoli (jamaa za tanini) kwa wingi, na vikipoa hushikana vikawa chembe ndogo zinazozuia mwanga. Chai yetu ya punje inajulikana kwa tabia hiyo. Maji baridi hayavitoi kwa wingi namna ile, ndiyo maana chai ya kuroweka hubaki safi. Kwa hiyo njia ya mkato imefungwa kwa sababu mbili, sio moja.

Hasara: jagi, shilingi 650.

Jumapili, 26 Januari. Maji

Wiki nzima nilipunguza majani, nikapunguza masaa, na bado chai ilikuwa na rangi iliyofifia, kahawia ya udongo, na juu yake utando kama ngozi ya maziwa, ukiugusa kwa kijiko wavunjika vipande. Nililaumu majani. Kumbe ni maji.

Jengo letu lina kisima. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yatokayo humo huja na chokaa na chumvi yake. Twayaogea, twayafulia, na kwa chai ya maziwa yenye tangawizi na sukari huwezi kuyatambua. Maji ya mfereji kwetu huja siku mbili kwa wiki, na siku hizo kila ndoo ndani ya nyumba hujaa.

Nilipanga gilasi tatu dirishani: ya kisima, ya mfereji, na ya maji ya chupa (lita moja, shilingi 60). Kila moja kijiko kimoja cha majani, masaa matatu kwenye friji, kisha nikachuja.

Ya kisima ilikuwa nyeusi kuliko zote na haina uhai, yaonjeka chumvi mwishoni. Ya mfereji nyekundu, nzuri, ila ukiinusa unapata klorini kama bwawa la kuogelea. Ya chupa ilikuwa rangi ya shaba iliyosuguliwa.

Halafu nikakamua ndimu, tone kwa tone, nikihesabu. Kwenye gilasi ya chupa, tone la kwanza liliacha njia ya manjano likishuka, kama uzi. Matone matatu na gilasi nzima ikawa rangi ya asali changa. Ya mfereji ilitaka matone sita. Ya kisima nilifika kumi na tano ndipo ikaanza kukubali. Rangi ya chai hufuata kilichomo majini: yenye uchachu huipausha, yenye chokaa huikoleza, na chokaa ya kisimani ilikuwa ikiila ndimu yangu kabla haijafanya kazi. Tangu leo, mtu akiniuliza kama maji ya kwake yafaa, nitamwambia ahesabu matone.

Suluhisho: maji ya mfereji, yachemshwe yatokote, yaachwe sufuriani usiku kucha yapoe, ndipo yaingie jagini. Kuchemsha kunaondoa klorini, lakini hiyo ni faida ya pili. Ya kwanza ni kwamba chai hii haipiti motoni hata mara moja, kwa hiyo uchafu wowote ulio kwenye maji utaunywa kama ulivyo. Maji mabichi usitie. Najua niliahidi bila moto. Basi moto wauwashe usiku, jikoni kukiwa kumepoa.

Bibi alitaka niyapoze kwenye mtungi wa udongo. Nimejaribu. Yalipata harufu nzuri ya mvua, ila kwa unyevu wa hewa ya hapa mtungi haupozi sana, na friji ilibidi tu.

Jumamosi, 1 Februari. Melimeli

Hata majani yaliyochekechwa huacha unga. Chujio la wavu halitoshi. Nikaenda Biashara Street nikanunua nusu mita ya melimeli, kitambaa chembamba, shilingi 120, nikakata vipande vinne, nikashona mfuko mmoja kama soksi, nikatia majani, nikaufunga kwa uzi na kuutumbukiza.

Chai ilitoka safi kuliko zote. Na ilikuwa na ladha ya duka la nguo. Nguo mpya ina kanji, nami sikuifua, niliisuuza tu nikidhani inatosha. Nikaichemsha mara mbili bila sabuni, maji ya kwanza yakawa na povu la maziwa, ya pili safi. Sabuni usitumie, harufu yake haitoki.

Mfuko wa pili nilikosea kwa namna nyingine: niliubana. Majani yalifura yakajaa pomoni, na nilipoufungua masaa manne baadaye katikati kulikuwa na punje kavu kabisa, hazijaona maji. Mfuko uwe na nafasi mara tatu ya majani makavu. Na ukiutoa usiukamue! Mkono wataka kuukamua, ni tabia ya kukamua tui. Ukikamua unamimina ukakasi wote jagini dakika ya mwisho. Uache uning'inie udondoke wenyewe.

Jumamosi, 8 Februari. Masaa

Hapa ndipo nilipopata jawabu nililokuwa nikilitafuta, kwa hiyo naandika kwa utulivu.

Mizani sina. Nilikwenda na kijiko changu cha chai na pakiti yangu Marikiti, kwa muuza viungo ninayemjua, akanipimia: vijiko kumi vya kusawazisha kwa kisu vikaja gramu 26. Nikatia vijiko vitano kwenye jagi la lita moja na nusu, maji ya mfereji yaliyochemshwa na kupozwa, mfuko wa melimeli, friji. Saa moja asubuhi. Kila baada ya muda nikachota robo gilasi, nikaonja, nikaandika nyuma ya kalenda.

Saa la kwanza: ina harufu ya chai, ladha ya maji. La pili: nyepesi, kama chai ya wifi mchoyo. La tatu: hapo. Nyekundu ya shaba, laini, na kuna utamu mdogo mwishoni ambao kwenye chai ya moto sijawahi kuusikia. La nne: nzito zaidi, nzuri kama utaweka barafu nyingi. La sita: pembe za ulimi zaanza kukauka. La tisa: ukakasi umeingia wazi wazi. La kumi na mbili tayari nalijua.

Basi kwa chai yetu ya punje ni masaa matatu na nusu, au manne kama gilasi itajaa barafu. Kuiroweka usiku kucha ndilo kosa, na hilo halirekebishiki kwa kupunguza majani: nilijaribu vijiko viwili kwa masaa 12 nikapata maji yenye ukakasi, hasara pande zote. Nitie asubuhi nikiondoka? Hapana, nitarudi jioni imeshaharibika. Natia saa saba mchana siku za mapumziko, na siku za kazi mume wangu, anayerudi mapema, ndiye atiaye. Kengele ya simu yalia, anatoa mfuko. Wiki hii amesahau mara moja. Sitaji.

Alhamisi, 13 Februari. Stima

Ilipotea saa tatu usiku, ikarudi alfajiri saa kumi na moja. Jagi lilikuwemo, la tangu Jumanne, limebaki nusu. Asubuhi friji ilikuwa imeanza kupoa tena, nikalifumbia macho.

Adhuhuri nilipomimina, chai haikukatika. Ilivutika, uzi mwembamba kutoka mdomo wa jagi hadi gilasi, kama maji ya bamia. Harufu ya dafu lililosahauliwa nje. Nilimwaga yote.

Naongeza siku chache baadaye: nikaosha jagi kwa sabuni, likang'aa. Jumamosi nikatengeneza jingine na siku ya pili ikaanza tena kuteleza, na stima safari hii haikukatika hata dakika. Nikatafuta mpaka nikakipata: kifuniko. Pale ukingo wa plastiki unapojikunja kuna mfereji mwembamba, na ndani yake utando wa kahawia uliokuwa ukikaa humo tangu siku ya kwanza. Ncha ya mswaki wa meno mkuukuu ndiyo iliyoutoa. Kifuniko kinaweza kuchemshwa, jagi haliwezi, kwa hiyo jagi naliosha kwa sabuni, nalisuuza kwa siki, nalipindua juani mpaka likauke.

Kanuni niliyoibandika kwenye mlango wa friji: kinachotengenezwa leo kinywewe leo, kikibaki mwisho ni kesho saa hiyo hiyo. Stima ikikatika zaidi ya masaa manne, mwaga.

Mdogo wangu ametoa rai tuweke jagi juu ya paa, jua lifanye kazi ya bure. Hapana. Jua hulifikisha jagi uvuguvugu tu, na uvuguvugu ndio wadudu wa maji wanaoupenda.

Jumapili, 16 Februari. Shira, na majani mazima

Sukari haiyeyuki kwenye chai ya baridi, yatuama chini. Shira ya kaimati ninayoijua tangu utotoni ndiyo dawa: sukari kikombe, maji kikombe, itokote mara moja, iliki mbili, ipoe. Kila mtu ajitilie kwenye gilasi yake. Na ndimu pia iende kwenye gilasi, sio jagini, kwani ikilala humo hadi jioni yageuka chungu.

Nimejaribu pia majani mazima, chai ya Nandi isiyopitishwa CTC, gramu 100 kwa shilingi 350. Gramu 15, masaa tisa, friji. Kweli ni kitu kingine: safi kama kioo chenyewe, harufu ya maua, na nilipoisahau mpaka masaa 14 haikunikasirikia. Hii unaweza kuiroweka usiku kucha, wale wa ng'ambo hawakusema uongo. Lakini jagi moja ni shilingi 52 za majani peke yake, ilhali la punje ni saba. Nimeihifadhi ya wageni.

Jumapili, 23 Februari. Asumini

Hili halikuwa kwenye mpango. Wachina hutia chai harufu kwa kuilaza pamoja na maua ya asumini, nami nikajiuliza, mji huu ambao kila mwanamke aenda arusini na asumini kichwani, twashindwa na nini?

Ijumaa nikanunua kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, Mji wa Kale, shilingi 100, nikakifungua, nikatenga asumini, rehani na mkadi nikaviweka kando. Nikazilaza asumini na majani makavu kwenye mkebe. Asubuhi nikaroweka. Mume wangu akanywa funda moja akaniuliza kama nimeosha gilasi kwa marashi. Na ndivyo ilivyokuwa, wauzaji huvinyunyizia vikuba marashi vinukie zaidi. Kikuba ni cha kuvaa. Chai nzima, pamoja na majani mazima ya ghali, ikaenda.

Jumamosi jioni nikaenda kwa bibi Kibokoni. Uwani kwake kuna mwasumini ambao haujawahi kupigwa dawa. Akanionyesha vitumba vya kuchuma: vile vyeupe vilivyofura lakini bado vimefumba, kama punje za mchele zilizonenepa. "Ukichuma vilivyofunguka umechuma jana," akasema. Nikachuma kiganja kimoja. Nikavipanga kwenye mkebe, safu ya majani, safu ya vitumba, nikafunika. Usiku wa manane niliamka kufungua, havikuwa vitumba tena, vyote vimefunguka gizani humo, na harufu ilinipiga usoni.

Asubuhi nikavitoa kimoja kimoja. Hili ni muhimu: maua yakibaki yakaingia majini huoza haraka yakawa ya kahawia na chai yaonjeka majani mabichi, nilijaribu gilasi moja nikaona. Majani nayo huwa yamenyonya unyevu wa maua, hivyo hayawekeki, yatumiwe siku hiyo hiyo. Masaa matatu na nusu kama kawaida, kwa majani ya punje.

Haikuwa kali. Huisikii kwenye ulimi, waisikia ukishameza, unapotoa pumzi.

Jumamosi, 8 Machi. Wiki ya kwanza ya Ramadhani

Mfumo umesimama. Maji huchemshwa baada ya daku, yapoa mchana kutwa bila mtu wa kuyagusa, saa nane jagi laingia friji, saa kumi na moja na nusu mfuko watoka, na magharibi ikiadhiniwa lipo mezani kando ya tende na kaimati. Siku mbili nimetengeneza majagi mawili, la pili nimeazima kwa jirani.

Hesabu tangu Januari: majagi mawili 1,350, pakiti mbili za majani 280, melimeli 120, maji ya chupa 60, majani mazima 350, kikuba 100, sukari kilo mbili 320, ndimu kama 100. Jumla shilingi 2,680, gesi sikuihesabu. Jagi moja la kila siku sasa lasimama kwenye shilingi 33: majani saba, sukari 16, ndimu mbili kumi.

Bado halijatatuka: barafu. Trei yetu yatoa vipande 14 na sisi ni watano wakati wa kufuturu. Nimejaribu kugandisha chai yenyewe iwe barafu, isizimue gilasi. Ilikuja na ukungu ule ule wa Sabaki, na ikiyeyuka yaacha vumbi jekundu chini. Nitajaribu na ile ya majani mazima.

Jana bibi alikuja kufuturu kwetu. Nilimtengea mkandaa wake wa moto na tangawizi. Akanywa nusu. Akatazama jagi. "Hiyo sharubati yenu ya asumini," akasema, "nitilie kidogo." Nikamwambia, bibi, hiyo ni chai. Akasema yeye chai ya baridi hanywi, nitilie sharubati.

Naandika nisisahau, kwani amesema atarudi Jumanne. Gilasi ya bibi: asumini, bila barafu, shira vijiko viwili, ndimu asitiliwe.